Mbegu za Ndege wa Uani: Tuliyoyaona Pugu

Wanachama wengine watashangaa kukuta safari hii habari za ndege katika gazeti lao, badala ya bei na madaraja ya karafuu. Twawaomba wasome mpaka mwisho. Habari hii inamhusu kila mwenye kuku uani, kila mwenye mtoto aokotaye punje chini, na kila aliyebakisha mbegu za mvua iliyopita ndani ya kopo. Tena ndani yake mna kosa letu wenyewe, nalo tutalitaja mahali pake bila ya kulipunguza.

Asili ya maneno ni hii. Mwanachama wetu mmoja, mzee aliyekwisha pita miaka sabini, alivuka kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, akakaa kwa binti yake huko Pugu. Mikarafuu yake ilikuwa imekaa msimu mzima bila ya mtu kujua nani ana haki ya kuichuma, na ndugu walikwisha anza kutazamana vibaya. Chama kikatutuma tukamwone, tupate neno lake kwa kinywa chake. Tukashuka botini asubuhi, tukapanda basi la kupita Gongo la Mboto, na kabla ya adhuhuri tukafika.

Pugu ni nchi ya vilima, upande wa kusini-magharibi wa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Ilala. Watu wa bara huijua kwa mnada wake wa ng'ombe. Waliosoma huijua kwa shule ya Mtakatifu Fransisko, ambako Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa. Wapendao miti huijua kwa msitu wake. Msitu wa Pugu, pamoja na jirani yake Kazimzumbwi, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Wakata mkaa na wafungua mashamba wameula sana, lakini uliosalia ungali hai, na kwa ajili yake nyua za Pugu zingali na sauti za ndege ambazo katikati ya mji hazisikiki tena.

Tulimkuta mzee wetu amekaa barazani, uso ameuelekeza uani. Mbele yake palikuwa na nguzo imesimamishwa, juu yake ubao wa mraba wapata futi mbili kila upande, na juu ya ubao paa dogo la makuti. Juu ya ubao vifuu vya nazi vinne, kila kimoja na mbegu yake. Tulipokwisha kuamkiana na kuulizana hali za nyumbani, tukamwuliza ile ni kazi gani.

"Hiyo ni meza ya ndege," akasema. "Huku hamna mikarafuu, mwanangu. Nikiamka nisimsikie tetere, nadhani bado usiku."

Macho yake wakati ule yalikuwa yaona mwanga tu na vivuli. Lakini alitutajia kila ndege aliyetua, huyu chiriku, wale shomoro, yule chini pugi, na mjukuu wake akithibitisha kwamba ni hao hao. Tukafurahi sana, tukasema moyoni kwamba zawadi tuliyomchukulia imekuja mahali pake. Maana binti yake alikuwa ametupasha habari kwa simu kwamba baba analisha ndege, nasi tulibeba kopo la mahindi yaliyobaki katika mbegu zetu za masika.

Mzee akatia mkono ndani ya kopo. Akazisugua punje kwa kidole gumba, akazinusa, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza:

"Bwana Katibu, mbegu hizi zina rangi gani?"

Tukamjibu: "Nyekundu, mzee."

"Nyekundu ya Mungu, au ya dukani?"

Hapo tukatazama vidole vyake, tukaona vimeingia rangi. Akamwita mjukuu alete maji na sabuni, tukanawa sote wawili, na kopo likafunikwa likawekwa juu ya kabati mbali na watoto. Mzee hakusema neno la kutuaibisha. Lakini sisi tulikumbuka jambo, na tangu hapo hatukuwa na raha.

Kosa letu

Wiki tatu kabla ya safari ile, nyumbani kwetu kisiwani, tulichota gao moja kutoka kopo lile lile tukawamwagia tetere karibu na kisima. Siku ya pili tuliwaokota tetere wawili wamekufa, na kuku mmoja wa jirani amelala chini ya mbuyu hainuki. Tukasema mdondo umeingia. Jirani naye akasema mdondo. Tukamfariji, tukaenda zetu.

Hatuwezi kula kiapo kwamba ni mbegu zile zilizowaua, maana hapana aliyewapasua akawatazama. Lakini twajua yaliyokuwa ndani ya kopo, na twajua nani aliyezitoa mbegu katika mfuko wake wenye maandishi ya onyo, akazitia katika kopo lisilo na maandishi yoyote. Ni sisi. Tuliporudi tulikwenda kwa jirani, tukamweleza yote, tukamlipa mtetea anayekaribia kutaga. Alipokea, akacheka, lakini akasema: "Mtoto wangu hucheza pale pale kisimani." Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Mbegu ya kupandia si chakula

Basi kanuni ya kwanza, nayo haina ruhusa: mbegu iliyouzwa kwa kupandwa asipewe ndege, wala kuku, wala mtu. Mbegu nyingi za madukani hupakwa dawa ya kuzuia kuvu na dawa ya kuua wadudu, kisha hutiwa rangi, nyekundu, buluu au kijani, ili mtu aonywe. Ndege haonyeki kwa rangi. Mwaka 2013 huko Marekani ilitolewa ripoti juu ya aina moja ya dawa hizo za wadudu, ikasema kwamba punje moja tu ya mahindi iliyopakwa yatosha kumwua ndege mdogo.

Na kuziosha hakufai. Dawa nyingine huingia ndani ya punje, na maji ya kuoshea yenyewe huwa sumu kisimani. Zikibaki, zifungwe katika mfuko wake wenye maandishi, ziwekwe juu na kufuli, mpaka mvua nyingine au mpaka Bwana Shamba atakapoeleza namna ya kuzitupa.

Wako pia watu wanaotega sumu kwa makusudi. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, penye mashamba ya mpunga, wawindaji wamejulikana kutia dawa ya karbofurani katika chambo, wakawaua njiwa na korongo, kisha wakaziuza nyama zao kwa watu. Nyama ya ndege aliyekufa kwa sumu ina sumu ile ile. Kwa hiyo ndege aliyeokotwa amekufa uani asichinjwe wala asipewe paka. Azikwe.

Mbegu kavu na mbegu mbichi

Kanuni ya pili ni ukavu, na hapa sisi wakulima wa karafuu tuna mazoea yanayotupoteza. Mbegu ya karafuu haitaki kukauka. Twaiokota ingali mbivu, twaiambua ganda, twaipanda upesi kitaluni chini ya kivuli. Ikikauka imekwisha kufa, na fedha ya kitalu imepotea. Kwa hiyo mikono yetu imezoea kuisifu mbegu yenye maji. Mbegu za kulishia ni kinyume chake kabisa. Nafaka yenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa.

Sumu hii ilijulikana kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 kwa maradhi yasiyojulikana. Waganga wa mifugo walipochunguza wakakuta kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, nayo yalikuwa na kuvu. Na wanadamu hawakusalimika. Mwaka 2004 huko Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sababu hiyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi yule asemaye, "Mahindi haya yameoza, wape kuku au ndege," ajue kwamba anampa sumu kiumbe mwenye ini dogo kuliko lake. Na kama ni kuku, ile sumu yaweza kumrudia mezani.

Mahindi ya kuwekwa yapasa yasizidi unyevu wa sehemu 13 katika 100, na karanga sehemu 7. Wengi wetu hatuna mashine ya kupimia. Lakini iko njia ya chupa, nayo haina gharama. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka kiasi cha robo yake, tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, ziba, tikisa vizuri, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka ina maji. Irudishe juani juu ya jamvi. Chumvi isiposhika, weka ghalani. Mzee wetu, kwa kuwa haioni chumvi, huing'ata punje: ikilia ka! kama kijiti kikavu, huipokea. Ikibonyea, huirudisha kwa mwenye duka. Lakini kwanza huuliza kama ni nafaka ya chakula.

Kila ndege na chakula chake

Sasa tuje kwenye vifuu vinne. Mzee hakuvipanga kwa bahati. Alitueleza moja moja, nasi tukaandika.

Cha kwanza kina uwele. Punje zake ni ndogo, hazina ganda gumu, na hapana ndege mla nafaka anayezikataa. Chiriku, shomoro na mnana wote hutua hapo kwanza. Mtu mwenye fedha ya mbegu moja tu, na anunue uwele.

Cha pili kina mtama mweupe, kwa ajili ya tetere na pugi, ambao humeza punje nzima. Mtama mwekundu wauzwa rahisi, lakini una ukakasi, na ndege huuacha. Wakulima wa bara wenyewe hupanda mtama wa namna hiyo makusudi ili ndege wasiumalize shambani. Anunuaye mtama mwekundu kwa ajili ya ndege amenunua kile kilichopandwa ili wasikile!

Cha tatu kina chenga za mchele. Hizi ni rahisi kuliko zote, na pugi huzipenda sana. Lakini ziwe mbichi na kavu. Wali uliobaki, wenye chumvi na mafuta, haufai, kwani huchacha kabla ya jua kupanda, na chumvi nyingi ni mauti kwa ndege mdogo. Mkate nao hujaza tumbo bila ya kumtia nguvu.

Cha nne kina alizeti, ile itokayo Singida na Dodoma. Ni mbegu ya mafuta, yenye nguvu nyingi kwa punje chache. Chiriku huipasua kwa mdomo akala kiini, na ndege wengine huingoja ile inayodondoka. Chagua yenye ganda jembamba, wala usitie nyingi, maana mafuta yake huvunda katika joto letu la pwani. Kifuniko kimoja cha chupa kwa siku chatosha.

Mahindi mazima mzee hayaweki, kwa sababu humwita kunguru. Mahindi ya kuparaza huliwa na tetere, lakini punje ikishavunjika huvuta unyevu upesi, kwa hiyo ziparazwe zile za siku moja tu. Ulezi ni mzuri sana kwa ndege wadogo, lakini ulezi ni uji wa watoto, na mzee asema watoto watangulie. Karanga akasema maneno mafupi: "Ile ambayo wewe mwenyewe hutaitia kinywani, usimpe ndege." Na za chumvi hazimo kabisa.

Apendaye kuchanganya, mchanganyiko wa mzee ni huu: vibaba viwili vya uwele, kibaba kimoja cha mtama mweupe, na kibaba kimoja cha chenga. Hiyo ni pishi kamili. Kwa gao moja kila asubuhi, pishi hiyo yamfikisha karibu mwezi. Alizeti huiweka mbali, kwa sababu tuliyokwisha itaja.

Tukamwuliza juu ya chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo wa kupinda, na juu ya shore. Akacheka. Chozi hali mbegu. Yeye hunywa utamu wa maua na kuokota vidudu. Shore hutaka tunda. "Hao hawataki duka," akasema, "wanataka mtu apande." Uani kwake palikuwa na mpapai mmoja, na papai moja juu yake lilikuwa limeachwa makusudi.

Usafi wa meza

Mbegu njema juu ya ubao mchafu haina faida. Ndege wakikusanyika mahali pamoja, mate na kinyesi chao hukusanyika pia. Huko Uingereza, watu wengi hulisha ndege uani, na tangu mwaka 2005 ugonjwa wa koo, unaojulikana sana kwa njiwa, uliingia kwa ndege wadogo wala mbegu, ukapunguza vibaya mno jamaa mmoja wa chiriku wa kule mwenye manyoya ya kijani. Wataalamu wakaona kwamba sehemu za kulishia na maji ya kunywea zilisaidia kuueneza.

Kwa hiyo mzee huweka kile kitakachokwisha kabla ya adhuhuri, basi. Jioni ubao hufagiwa, ili panya wasije usiku. Kila Ijumaa asubuhi mjukuu huusugua kwa maji ya moto na sabuni, akauanika juani mpaka ukauke kabisa. Maji ya kunywa hubadilishwa kila siku. Nguzo imevishwa bati katikati ili panya asipande, nayo imesimama mbali na kichaka ambamo paka aweza kujificha. Na akionekana ndege amejikunyata, manyoya yamefura, hawezi kumeza, meza huondolewa wiki mbili ili ndege watawanyike.

Tena meza isiwe karibu na banda la kuku. Mdondo waweza kuchukuliwa na njiwa na ndege wa porini, na kuku huokota kila kinachoanguka. Mwenye kuku na awachanje kwanza kwa matone ya jicho kama atakavyoelekezwa na Bwana Mifugo, ndipo awaze habari ya kulisha ndege.

Kunguru

Hapana budi tumtaje na huyu. Kunguru wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka hazikwisha, lakini yeye alienea pwani yote, Dar es Salaam na Mombasa, na mitego na sumu za serikali zimempunguza bila ya kummaliza. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku kadhalika. Amwagaye makombo uani kwa kuwahurumia ndege humlisha kunguru, na kunguru akishiba hapo hutafuta matundu ya tetere walio jirani. Mzee amezungushia vifuu vyake wavu wa waya wenye matundu ya kumpitisha chiriku na kumzuia kunguru. Tetere na pugi huokota chini. Mahali ambapo kunguru wamezidi mno, ni heri kuacha kulisha kabisa, na kupanda miti.

Mbegu ya ninga

Na hapo ndipo habari hii inaporudi kwetu. Kisiwa cha Pemba kina ndege wanne ambao wataalamu wanawahesabu kuwa hawapatikani mahali pengine popote duniani: ninga, yule njiwa wa kijani, bundi mdogo wa usiku, chozi wa Pemba, na kindege cha manjano chenye duara jeupe jichoni. Hapana hata mmoja wao alaye uwele. Ninga hula matunda ya miti, na miti jamii ya mkuyu humfaa sana. Basi mwenye shamba la mikarafuu atakaye kumlisha ninga hana haja ya ubao wala kifuu. Akiwa na mti wa matunda ya porini mpakani mwa shamba, na auache usimame. Akiwa hana, na aupande.

Tulifundishwa chuoni tangu udogo kwamba apandaye mti, ndege wakala matunda yake, huandikiwa sadaka. Tumeishika sana sehemu hiyo. Sasa twaongeza kwamba sadaka nayo hutazamwa kabla ya kutolewa, kwani kilicho kibovu au chenye sumu hakiwi chema kwa kuwa kimetolewa bure.

Kuhusu shamba, mzee alitupa neno lake. Mikarafuu itachumwa na ndugu zake wote kwa pamoja, kwa hesabu itakayoandikwa mbele ya Chama, mpaka atakaporudi mwenyewe. Tuliandika mbele ya binti yake, naye mzee akatia dole gumba. Kisha akatuagiza jambo la pili, nalo tumelitimiza: mpaka wa chini wa shamba lake, penye mti mkubwa ambao ndugu mmoja alitaka kuukata kwa mbao, mti usiguswe.

"Nikirudi," akasema, "nataka nijue nimefika kabla ya kuambiwa."

Katibu